Raba Namba Thelathini na Tisa

Mama alirudi kutoka pampu, akatua ndoo mlangoni, akanitazama namna anavyowatazama wagonjwa.

"Kirezi, kaa chini."

"Nimeshakaa, mama." Nilikuwa nachambua maharage, ungo uko mapajani.

"Yule Mzaire wako, Étienne, kesho anakwenda Lilongwe kumleta bibi arusi."

Aliniambia kwa Kirundi, kwa sababu mama hana lugha nyingine. Alizaliwa milimani Bururi, kwetu Burundi, na hata tulipohamia Rumonge, Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu na bei ya maharage. Mimi Rumonge ndiko nilikokulia, Kiswahili nilikicheza barabarani. Kwa hiyo katika kambi nzima ya Dzaleka, huku Malawi, mimi ndiye mdomo wake, isipokuwa pale pampuni, ambapo hujitegemea.

"Bibi arusi wa nani?" nikauliza.

"Wa nani tena? Wake! Wanawake wa Fizi pale pampuni hawana habari nyingine. Wanafagia, wanaazimana sahani, wanapanga nyimbo. Kesho mchana analetwa kwa gari. Gari, mwanangu, si baiskeli."

Ungo ukaniponyoka. Maharage yakatawanyika sakafuni na sikuinama kuokota hata moja.

Étienne alikuwa fundi cherehani kutoka Fizi, Zaire. Tulijuana katika kikundi cha Njia ya Wapagazi, kilichoanzishwa na wenyeji wa vijiji vya chini ya vilima vya Dowa, nasi wakimbizi tukajiunga. Njia yenyewe ni ya zamani sana. Wapagazi walipita hapo na chumvi na pembe kwenda ziwani, na kila walipopumzika walirundika mawe. Sasa majani yalikuwa yameimeza, na watu wa kokoto walikuwa wameshaanza kuyatamani yale marundo. Kila Jumanne na Ijumaa tulikwenda kuitafuta.

Kazi yetu ilikuwa ya wawiliwawili. Wa mbele anagonga ardhi kwa jembe na kusikiliza. Palipokanyagwa na watu miaka na miaka, jembe linalia; palipolimwa, linazama bila sauti. Wa nyuma anafuata na mawe yaliyopakwa chokaa, anaweka moja kila jembe linapolia. Étienne alikuwa mbele, mimi nyuma. Miezi minane nilitazama kisogo cha mwanamume yule, nikakijua kisogo kuliko uso. Hadi siku moja akasimama ghafla, nikamgonga na jiwe langu mkononi, akageuka.

"Kirezi, mi nimechoka kukupa mugongo kila siku," akasema.

Basi. Hayo tu. Lakini tangu siku hiyo nilikuwa wake, na yeye alijua, na kambi nzima ilijua, mwaka huo wa tisini na sita.

Mama hakumtaka. Hakuwa na ubaya naye, alisema, ila mtu wa Fizi siku moja atarudi kwao, na mimi nitakwenda naye. "Nimemzika baba yako na ndugu zako wawili. Wewe sitakusindikiza mbali." Yeye alimtaka Melchior, wa kilima chetu kule Bururi, aliyekuwa akiuza kaunjika, nguo za mitumba, pale Biwi mjini Lilongwe. Jumapili baada ya misa watu wa Melchior walikuwa waje kusikia jibu langu. Jibu nilikuwa nalo tayari, lilikuwa hapana, na nilikuwa nimekwisha kulifanyia mazoezi mbele ya kioo.

Sasa hili la bibi arusi likaingia katikati.

Wiki ile nilikuwa nimelala na malaria. Étienne alikuja mlangoni mara mbili, mama akamrudisha: "Analala." Akamtuma Nadège, binti wa jirani, na ujumbe mmoja tu: Ijumaa nivae kile kitenge changu cha bluu, kwa sababu mimi ndiye nitakayesimama mbele na daftari la kikundi na kuongoza wimbo. Nilifurahi kama mjinga. Kumbe nisimame mbele nimwimbie mke wake!

"Mama," nikasema, "watu wa Melchior wakubaliwe."

"Usiseme kwa hasira."

"Sina hasira." Nikapiga teke ungo.

Nilikaa nikaandika barua kwa mkono wangu mwenyewe: *Melchior, Jumapili njooni. Jibu ni ndiyo. Kirezi.* Nikamwambia mama kesho asubuhi nitaipeleka mwenyewe Biwi, ili wajiandae. Kumwuliza Étienne? Sikumwuliza. Kibanda chake kilikuwa hatua mia mbili kutoka kwetu, nami nikaona heri nife kuliko kuonekana nimesimama pale nikilia. Kiburi hicho nimekirithi, na mama anajua nimekirithi kwa nani.

Asubuhi mama alinisindikiza hadi barabarani, akanifunga kilemba vizuri, akafungua mdomo mara mbili bila kusema kitu. Nikapanda matola, zile pikapu zinazochukua watu njiani, na saa mbili na nusu nilikuwa nashuka Old Town, barua imo kifuani.

Biwi si mbali kutoka pale kwa miguu. Nilikuwa nakatisha mbele ya maduka ya Wahindi nilipomwona. Étienne mwenyewe, na shati jipya aliloshona, amesimama kaunta ya duka la viatu. Mkononi ameinua raba nyeupe za kike, anazigonga nyayo na kuzikunja kama anayenunua samaki.

Ningepita. Miguu ilikataa.

"Étienne."

Akageuka, na uso wake, haki ya Mungu, ukang'aa kwa furaha. "Kirezi! Mungu njo amekutuma! Umepona? Leta muguu, jaribu hii. Ni namba thelathini na tisa, mi sijue kama ni kubwa ao ni kidogo."

"Nijaribu mimi?"

"Muguu moja tu."

"Ni za nani?"

"Za mugeni," akasema, wazi wazi, mbele ya Mhindi na wateja wake. "Alisema ku telefone ya bureau ya kambi asema yeye iko na viatu vya talons tu, vile vya visigino virefu. Na vile ataanguka kule ku mawe."

Nilihisi damu yote inapanda kichwani. "Unalitamka hivyo, bila haya?"

"Haya ya nini?"

"Anaitwa nani?"

"Madamu Mphatso."

"Mmalawi!"

"Njo vile, wa hapa hapa. Anatumikaka kule Capital Hill, ku wizara."

"Wa ofisini. Sawa. Fundi wa cherehani amepata wa ofisini. Hongera sana. Ana miaka mingapi?"

Étienne akakuna kidevu na ile raba. "Mi sijamuuliza. Lakini banasema iko karibu ya pension. Iko na mvi."

"Ana mvi!"

"Sasa mvi ni mubaya? Kirezi, kuko nini? Macho yako iko nyekundu."

Mwenye duka akauliza kwa Kichewa kama tunanunua au tunagombana. Nikamjibu tunafanya vyote viwili.

"Umenicheka vya kutosha," nikamwambia Étienne, na sauti ikaanza kunikatika, nami nikaichukia kwa kukatika. "Miezi minane nimekufuata na mawe kichwani. Ukitaka kuoa, oa, lakini ungeniambia mwenyewe. Unanituma nivae kitenge nimwimbie bibi arusi wako, halafu unanipimisha na viatu vyake!"

"Bibi arusi wangu? Nani anaoa?"

"Wewe! Mama amesikia pampuni. Wanawake wenu wamesema, Étienne anakwenda Lilongwe kuleta umugeni."

"Ndiyo. Mugeni."

"Bibi arusi!"

"Mugeni!" Akaiweka raba kaunta, akasema polepole, kama anavyosema na watoto wa shule ya Jumapili. "Mugeni, Kirezi. Mutu mwenye anakuja kukutembelea. Unamupa kiti. Unamupa chai. Wizara imejibu barua yetu ya tatu. Ule mama anakuja leo kuangalia njia, na kama ataipenda, ataiandika ku kitabu ya serikali, na batu ba kokoto hawatagusa hata jiwe moja. Ilikuwa siku ya mukutano, we ulikuwa mugonjwa. Nilikuja kwenu mara mbili kukuambia."

Mgeni.

Mimi niliyekulia Rumonge. Mimi mdomo wa mama. Kwa Kirundi umugeni ni bibi arusi, hakuna mwingine. Anayekuja kutembea huitwa umushitsi. Mama alilisikia neno pampuni, akalijua kwa masikio ya Bururi, akalileta nyumbani pamoja na maji. Lilitoka pale likiwa mgeni, likafika kwetu limevaa shela. Na mimi nililipokea vile vile nilivyopewa, nikaenda kuandika barua.

Nilikaa chini juu ya boksi la viatu. Nikacheka, nikalia, nikawa sijui nashika lipi. Kifua kilichokuwa kimefungwa tangu jana kikafunguka hadi nikasikia harufu ya duka, ngozi na gundi, ambayo sikuwa nimeisikia.

"Namba thelathini na tisa inanitosha mimi," nikasema nikijifuta. "Ikinitosha mimi, itamtosha na yeye. Nunua."

Lakini Étienne hakucheka. "We uliamini," akasema. "Usiku moja tu, uliamini mi niko mutu wa vile."

"Nilikosa."

"Sababu gani hukuniuliza?"

"Kiburi."

Akatikisa kichwa. Halafu akaona mkono wangu umeshika kifua, na pembe ya bahasha imetokeza. "Hiyo ni nini?"

Nikamwambia. Sikumficha hata neno. Jinsi nilivyomwona akishika kaunta, nilijua ananipenda kuliko alivyowahi kusema.

"Umeshamupa?"

"Bado. Nilikuwa njiani."

"Basi pasula! Hapa hapa!"

Niliipasua. Vipande vinne, nane, nikavitia mfukoni. "Lakini lazima niende Biwi vile vile," nikasema. "Melchior anangoja jibu. Hajanikosea. Sitaki alisikie Jumapili mbele ya wajomba zake."

"Mi nakuja na wewe."

"Mgeni wako anangoja saa ngapi?"

"Saa ine, ku mulango ya wizara."

"Basi nenda. Ukimwacha anasimama juani atarudi ofisini, na njia yetu itasagwa kokoto. Nitakukuta huko."

Akanishika kiganja, mbele za watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Na kama Melchior atakuomba sana?"

"Ataniomba. Nitakataa."

"Mi nakupenda, Kirezi. Nilipashwa kusema zamani, nilikuwa naona kama unajua."

"Najua. Lakini sema tena."

Akasema tena. Mhindi akamfungia raba.

Melchior nilimkuta Biwi akitundika mashati kwenye kamba. Alikuwa mtu wa kupangilia, mashati ya rangi moja pamoja. Aliponiona akanawa mikono kwanza, ndipo akanipa mkono.

"Kirezi. Kuna habari mbaya?"

"Nimeleta jibu."

"Jibu ni la Jumapili."

"Jumapili utakuwa na watu wako. Nimeona nikuambie peke yako."

Akachukua shati moja akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Sikuhitaji kumalizia. Nilimalizia hata hivyo, kwa sababu mtu aliyekuja kwa heshima anastahili kusikia neno lenyewe: "Siwezi, Melchior. Moyo wangu uko kwingine."

"Kwa fundi."

"Kwa fundi."

"Nilijua," akasema. "Kila nikija kwenu unaniuliza habari za afya. Lakini mtu akitaja mawe ya ile njia unacheka mwenyewe. Nilisema labda utazoea." Akalitundika shati. "Shangazi yangu Godelive, anayewaongoza watu wangu Jumapili, nitamwambia mimi. Asije mama yako akapata aibu."

"Nisamehe."

"Hujanidanganya. Haya nenda, usije ukanifukuzia wateja na machozi yako."

Nilitoka pale nikilia kidogo kwa ajili yake, na huku miguu inakwenda haraka yenyewe. Mtu anaweza kusikitika na kushukuru kwa wakati mmoja. Mimi nilifanya hivyo njia nzima.

Saa nne na nusu nilifika Capital Hill, vumbi hadi magotini. Gari jeupe la wizara lilikuwa linanguruma getini. Étienne alikuwa anazunguka lile gari, na mama mmoja mnene, mwenye mvi na miwani, amekaa mbele miguu nje, anafunga kamba za raba nyeupe. Étienne aliponiona alisimama. Hakuuliza kwa mdomo. Nikaitikia kwa kichwa kumwambia yamekwisha, naye akafumba macho, akapumua kama mtu aliyetoka majini.

"Huyu ndiye mwenye daftari?" Madamu Mphatso akauliza kwa Kichewa.

"Ndiye," Étienne akajibu. Siku hiyo Kichewa chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

"Basi apande. Zikomo kwa viatu, vinanikaa kabisa."

Mchana ule njia yetu ilijaa watu. Wanawake wa Fizi walipiga vigelegele hadi mgeni akacheka na kuziba masikio. Niliongoza wimbo, sina kitenge cha bluu, nina vumbi na kilemba kilichopinda. Halafu Étienne akampa yule mama jembe. Akagonga pembeni, kimya. Akagonga njiani, jembe likalia. Akagonga tena na tena kama mtoto aliyepata ngoma, akavua miwani, akauliza wangapi walipita hapa. Nikamsomea daftari, majina ya babu za wenyeji waliobeba na waliokufa wakibeba, kurasa kumi na saba. Alipomaliza kusikiliza akatoa kalamu. Alisema kuanzia leo hakuna atakayeondoa jiwe hapa bila kupita mezani kwake. Wazee wa kijiji walipiga makofi taratibu, kwa viganja vilivyopinda, kama desturi yao.

Mama alikuwa amesimama peke yake, mbali na watu, amekamata khanga yake kwa mikono miwili. Nilimwendea. Nilikuwa nimepanga kumcheka.

"Barua," akasema kabla sijafungua mdomo. "Uliitoa?"

"Sikuitoa, mama."

Akakaa chini palepale, kwenye majani. "Asante, Bikira Maria. Asante, asante."

"Mama? Unashukuru nini?"

Hakuniangalia. "Jana jioni, ulipokuwa umelala, Eugénie alikuja kuazima sufuria. Yule wa Uvira, mke wa mchungaji, anajua Kirundi. Nikamwuliza huyo umugeni ni binti wa nani. Alicheka hadi akashika ukuta." Akang'oa jani. "Kwa hiyo nilijua."

"Tangu jana."

"Tangu jana."

"Na asubuhi ukanifunga kilemba! Ukanisindikiza!"

"Nilitaka kusema. Mara mbili nilitaka. Nikawaza, Melchior ni wa kwetu, hatampeleka mwanangu mbali. Nikaufunga mdomo. Gari lilipoondoka nikaona nimefanya nini, na wewe hupo wa kuambiwa. Tangu hapo niko magotini, Kirezi. Nimeomba lile gari lipasuke gurudumu. Yote manne."

Nilikasirika, nisidanganye. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake. Nilimwuliza kama angeniacha niolewe kwa kosa la neno moja. Akasema ndiyo, angeniacha, na asingelala tena hadi anaingia kaburini. Kisha akalia, yeye ambaye sikumwona akilia hata siku za mazishi kule Rumonge. Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nikaketi karibu naye majanini, nikamwegemea.

Étienne akaja, kofia mkononi, hatua kwa hatua. Akamsalimia kwa Kirundi alichokuwa nacho, neno moja tu: "Amahoro, mama."

Mama alimtazama toka viatu hadi nywele. Akaniambia, "Mwulize Jumapili ana kazi gani."

Nikamwuliza. "Niko kanisa mupaka saa sita," akajibu, jasho linamtoka.

"Mwambie baada ya hapo aje na wazee wake. Nimepika pombe ya mtama kwa watu wa Melchior, kesho kutwa inaiva. Sina nguvu ya kumwaga mtungi mzima."

"Mama, hawa ni walokole. Hawanywi pombe."

Mama akafikiri kidogo, akajifuta pua kwa khanga.

"Watapewa chai," akasema. "Watakunywa chai yao, na watatutazama."

"Anasema nini?" Étienne akanishika bega. "Kirezi, mama anasema nini?"

Safari hii nilitafsiri neno kwa neno, polepole, bila kuruka hata moja. Nilipofika kwenye chai, Étienne alikuwa ameshapiga magoti na kumshika mama mikono yote miwili, na mama hakuitoa.